Mjomba hakunilazimisha: hotuba kuhusu vitenzi vya Kiingereza vya kusababisha

Mgeni rasmi, wakuu wa shule, walimu wenzangu wa Kiingereza, wazazi na wanafunzi mliofika, itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo.

Naanza na barua. Niliiandika nikiwa kidato cha sita, kuomba ufadhili wa kusoma chuo ng'ambo, na katika aya ya pili nilitaka kumshukuru mjomba wangu. Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Tangu hapo ada, sare, madaftari na nauli ya kurudi bweni vilitoka kwa mjomba, mvuvi wa ngalawa, ambaye mwaka mmoja samaki walipoadimika aliuza nyavu zake ili nisikae nyumbani muhula mzima. Kwa Kiswahili yote hayo yamo katika neno moja, na hakuna mtu humu ukumbini atakayehitaji maelezo: mjomba alinisomesha. Nikafungua kamusi. Kusoma, "study". Kumfanya mtu afanye jambo, "make". Nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa: "My uncle made me study."

Nikaitwa kwenye usaili. Mama mmoja katika jopo akaniuliza kwa upole kama mjomba alikuwa mkali, na kama ningependa kusoma endapo ningeachwa nichague mwenyewe. Sikuelewa swali lile limetoka wapi. Nikajibu kwamba naam, "he made me study", na nitamshukuru maisha yangu yote. Yule mama akaandika kitu kwenye karatasi yake. Ilipita miaka sita, nikiwa tayari nafanya kazi ya ukalimani, ndipo siku moja ndani ya daladala sentensi ile ikanirudia nikaisikia kwa masikio ya yule mama: mjomba alinilazimisha kusoma. Nilikuwa nimemwambia mgeni kwamba mtu aliyeuza nyavu zake kwa ajili yangu alinisukuma darasani kwa nguvu. Nilishuka kituo kisicho changu.

Ndiyo maana nimeomba nafasi hii. Vitenzi vya kusababisha, kama hiyo "make" yangu, kwenye vitabu vya kiada hupewa jedwali moja na mazoezi kumi, kisha tunahamia somo lingine. Mimi naamini vinastahili wiki nzima.

Kiswahili kina kauli ya kutendesha, na ni mali kubwa. Unachukua kitenzi, unakibandika -isha, -esha, -iza au -eza, na tayari mtu wa pili ameingia katika tendo. Lakini tazameni kauli hiyo inanyamaza kuhusu nini. Namlisha mtoto: namtilia chakula mdomoni. Namsomesha: nalipa. Namkopesha jirani: fedha zinatoka kwangu, anayekopa ni yeye. Nampangisha mtu chumba, namkumbusha ahadi, namwonyesha njia, naendesha gari. Kiambishi ni cha ukoo mmoja, ila mkono wa mtendeshaji ni mwingine kila mara. Hapa unatoa, pale unaruhusu, kwingine unasukuma. Msikilizaji wa Kiswahili anajua kwa mazoea mkono upi umekusudiwa.

Kiingereza hakimwachii msikilizaji kazi hiyo. Kinamdai msemaji aseme tangu mwanzo mkono ule ulikuwa wa namna gani. Kulisha ni "feed". Kukopesha ni "lend", kukumbusha ni "remind", kuonyesha ni "show", kuendesha ni "drive". Hakuna hata kimoja kinachoomba msaada wa "make". Na kusomesha, kwa maana ya mjomba wangu, ni "put someone through school", au kwa lugha iliyonyooka zaidi, "pay for someone's education".

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika kwamba mama yake aliugua, wakamkimbiza hospitali, na huko "the doctors put her to sleep". Alitaka kusema mama alilazwa. Maneno aliyoyachagua yanasomeka kwamba madaktari walimpa mama dawa ya usingizi, na yakisemwa juu ya mbwa au paka mgonjwa, maana yake amechomwa sindano ya kumfisha ili asiteseke. Alilohitaji ni "admitted". Mtoto yule alikuwa amechambua kitenzi vizuri kabisa, kulala na kulaza, na uchambuzi wake mzuri ndio uliomponza. Nawaomba tuwaone watoto wa namna hii kwa jicho la huruma: wanafikiri sana, sema wanafikiri ndani ya kauli yetu ya kutendesha.

Sasa twende kwa wale wanne wanaotusumbua kila mwaka: "make", "have", "get" na "let". Nitamtumia fundi wa magari, maana sote tunamjua. Gari lina breki mbovu, nimelipeleka gereji. Nikisema "I had the mechanic check the brakes", nimesema nilimpa kazi naye akaifanya, kwa sababu ni kazi yake na mimi ni mteja. Hakuna aliyemvuta mwenzake shati. Nikisema "I got the mechanic to check the brakes", hapo pana jasho kidogo: labda alikuwa na magari mengine, nikambembeleza, au nikaongeza cha soda. "I made the mechanic check the brakes": hakutaka, nami sikumpa njia ya kukataa. "I let the mechanic check the brakes": yeye ndiye aliyetaka, mimi sikumzuia. Breki zimekaguliwa katika sentensi zote nne, lakini uhusiano wangu na fundi umebadilika mara nne. Mwajiri akisoma ripoti yako ya kazi, anasoma uhusiano huo. Mwanafunzi anayeandika "I made my supervisor sign the form" amejichongea bila kujua, ilhali alitaka tu kusema alimwomba msimamizi naye akatia sahihi.

Mtaniuliza: mbona "you make me laugh" haina nguvu ndani yake? Swali hili ndilo lililonifungulia mlango, na kwa muda mrefu sikuliona likijibiwa vizuri kwenye vitabu tulivyokuwa navyo. Jibu liko kwenye kitenzi cha pili. Kucheka, kulia, kupiga chafya, kuona aibu, hayo humjia mtu bila kuamua. Hapo hakuna utashi wa kuvunjwa, kwa hiyo "make" inabaki nyepesi, sawa na kauli yetu: alinichekesha, aliniliza. Lakini kusoma, kupika, kuondoka, kutia sahihi, hayo mtu huyafanya kwa kuamua. "Make" ikikutana na tendo la kuamua, inaamua badala ya mtendaji, na hapo ndipo ulazimishaji unapozaliwa. Kwa hiyo kabla mwanafunzi hajaandika "make", ajiulize: aliyefanywa angeweza kukataa? Kama angeweza, na hakukataa, basi "make" si neno lake. Mimi nilitaka kusoma. Nililia siku nyavu zilipouzwa, na bado nilitaka kusoma.

Kuhusu ile "to" inayotutesa sitakaa sana, mnaijua. "She made me to cry" ni kosa, "she made me cry" ni sahihi. "Let" nayo haitaki "to". "Get", "cause", "force" na "allow" zinaitaka. Kwenye kauli ya kutendwa "make" huirudisha: "I was made to wait." Na "let" karibu haiingii kabisa kwenye kauli hiyo, mtu akisema "I was let go", wengi watamwelewa kwamba amefukuzwa kazi. Ila ninyi mnaosahihisha kwa kalamu nyekundu, kumbukeni kwamba "make" yenye "to" ilikuwa Kiingereza safi zamani. Katika Biblia ya King James ya 1611, Zaburi ya 23, Bwana "maketh me to lie down in green pastures". Fungueni Biblia ya Kiswahili mstari huohuo: "Katika malisho ya majani mabichi hunilaza." Kiingereza kimetumia maneno matano, "maketh me to lie down", sisi tumetumia moja. Mtoto anayeandika "made me to" amechelewa karne chache, hajapotea.

Na Kiingereza chenyewe kiliwahi kuwa na kitu kama -isha yetu. Jambo hili nikilisimulia darasani, hata wale wa nyuma huinua vichwa. Zamani sana, katika lugha mama ya Kiingereza, Kijerumani na ndugu zao, kulikuwa na kiambishi chenye sauti ya "y" kilichobandikwa kwenye kitenzi ili kumaanisha kufanya jambo litokee. Kiambishi chenyewe kimekufa, lakini kabla ya kufa kilibadilisha irabu iliyokuwa jirani, na alama zake zimebaki hadi leo. "Sit" ni kukaa, "set" ni kukalisha. "Lie" ni kulala, "lay" ni kulaza. "Fall" ni kuanguka, "fell" ni kuangusha, ndiyo maana mkata miti "fells a tree". "Drink" ni kunywa, na "drench", ambayo leo wengi wanaijua kwa maana ya kulowesha chapachapa, mwanzoni ilikuwa kunywesha. Mfugaji anayemnywesha ng'ombe dawa ya minyoo, kwa Kiingereza bado anam"drench". Maana ya kale imekimbilia zizini na huko imesalimika.

Nasi tuna "y" yetu. Ogopa, ogofya. Lewa, levya. Pona, ponya. Lala, laza, waka, washa, takata, takasa. Kwetu sauti ile iliyeyusha konsonanti badala ya irabu. Lugha hizi mbili hazina udugu wowote, lakini sauti ya "y" humsukuma jirani yake katika kinywa cha mwanadamu yeyote, awe wa Ulaya Kaskazini au wa pwani yetu. Mwanafunzi anayechanganya "rise" na "raise", au "lie" na "lay", mwambieni ni kama kuchanganya lala na laza. Ataacha siku hiyohiyo. Nimeliona likitokea zaidi ya mara moja.

Vitenzi kama "boil", "break", "open" na "burn" vyenyewe havibadiliki kabisa: maji yana"boil", na mama ana"boil" maji. Sisi tuna chemka na chemsha, vunjika na vunja. Hapa mtoto wetu hutafuta kiambishi kisichokuwepo, akaandika "I made the water to boil". Mwambieni Kiingereza mahali hapa kimepumzika.

Nije kwenye "cause", neno ambalo mwanafunzi hudhani ni salama kwa sababu kamusi inasema ni kusababisha, basi. Mwaka 1993 Bill Louw, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe, aliandika kuhusu maneno yanayobeba harufu ya majirani zake; neno linakaa na watu wabaya muda mrefu hadi likija peke yake tunanusa ubaya. Miaka miwili baadaye mwanaisimu mwingine, Michael Stubbs, alipekua mkusanyo mkubwa wa matini za Kiingereza akitazama "cause" inakaa na nani. Aliwakuta "problems", "damage", "death", "disease". Mambo mema ni nadra. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "my mother caused my success" amemweka mama yake kizimbani pamoja na mafuriko na kipindupindu. Mafanikio mtu huya"bring about", au mama ame"help me succeed", au tunasema "I owe it to my mother". Kiswahili nacho kina masikio hayo. Redioni mvua husababisha maafa na uzembe husababisha ajali. Maendeleo huletwa, amani hudumishwa, vipaji huibuliwa. Hatujawahi kuwafundisha watoto wetu hili kwa maneno, na bado wanalijua. Tuanzie hapohapo wanapolijua.

"Cause" ina kazi nyingine moja nzito, na hiyo iko mahakamani. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 196, inapoeleza mauaji ya kukusudia haitumii "kill". Inasema mtu ambaye kwa dhamira ovu "causes the death of another person", kwa kitendo kisicho halali au kwa kuacha kutenda. Kifungu cha 203 cha sheria ya Kenya kinasema karibu maneno hayohayo. Kwa nini mzunguko wote huo wakati "kill" ipo? Kwa sababu "kill" ina mkono ulio karibu mno. Anayemnyima mtoto mchanga chakula hadi akafa hakumgusa. Mwaka 1970 mwanafalsafa Jerry Fodor aliwajibu wanaisimu waliodai kwamba "kill" ni "cause to die" iliyofupishwa. Mtu akichomwa kisu Jumamosi akafa Jumapili, "cause to die" inakubali siku zote mbili, moja ya kisu na moja ya kifo. "Kill" haikubali, kwa kuwa inahesabu tendo na matokeo kama tukio moja. Kiswahili kinaujua umbali huu: kuua, kufisha, kusababisha kifo. Gazeti likiandika kwamba dereva anashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa uzembe, kila msomaji anajua kwamba hakushtakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Mkalimani wa mahakama akiteleza hapa, anayelipa ni mtu aliyesimama kizimbani.

Tena kuna umbali wa hofu. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha Uingereza utafiti wao juu ya sigara na saratani ya mapafu. Hawakuandika "causes". Waliandika kwamba uvutaji ni "a factor, and an important factor", katika kutokea kwa ugonjwa huo. Mwaka 1964 ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ikasogea mbele: uvutaji ni "causally related" na saratani ya mapafu kwa wanaume. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likaamuru onyo kwenye pakiti, na onyo lenyewe lilisema sigara "may be hazardous", yaani huenda ikawa na madhara. Ikapita karibu miaka 20. Sheria ya 1984 ndiyo iliyoleta pakiti zenye sentensi isiyo na kona: "Smoking Causes Lung Cancer". Tazameni safari ya kitenzi kimoja kutoka maabara hadi mfukoni mwa mvutaji, na fikirini ni watu wangapi waliwasha sigara wakiwa wamesoma "may". Nawaomba walimu mlete mfano huu darasani mnapofundisha "is linked to", "contributes to", "leads to" na "causes". Mtoto akijua kwamba ngazi hizi zimegharimu uhai wa watu, hatazitumia ovyo kwenye insha ya bayolojia, wala hatadanganywa na tangazo la dawa ya mitishamba.

Kwenye "lead to" nina ombi moja mahususi. Kiswahili chetu cha ofisini kimeanza kusema "mvua imepelekea barabara kufungwa", na walimu wengi wa Kiswahili wanalia, nami niko upande wao. Kupelekea ni kumpelekea mtu kitu: nimempelekea bibi ndizi. "Lead to" imevaa nguo ya Kiswahili ikaingia ndani bila kubisha hodi. Sisi tunaofundisha Kiingereza tuna sehemu yetu katika hilo, kwa sababu tuliitafsiri hivyo ubaoni. Ikitokea "lead to", andikeni kusababisha, au kuishia, au kufanya, kulingana na habari yenyewe.

"Result in" na "result from" ni suala la uelekeo tu: ya kwanza inatazama mbele kwenye matokeo, ya pili inageuka nyuma kwenye chanzo. "Bring on" ni ya mwilini; daktari anayeuliza "what brings it on?" anataka kujua maumivu yanaanzishwa na nini. Niliwahi kumkalimania mama mmoja mjamzito aliyeambiwa "we'll have to induce you". Alinitazama nimwambie kama ni kisu. Nilimwambia: mama, watakuanzishia uchungu kwa dawa. Mabega yake yalishuka. Katika kazi yangu yote sijui kama kuna kitenzi nilichokitafuta kwa haraka kama kile.

Walimu wenzangu, kwenye viti vyenu kuna karatasi yenye sentensi 12 za Kiswahili, zote za kauli ya kutendesha. Tutazitafsiri pamoja kwa dakika 40, wawili wawili, na msitafute jibu moja. Kwa kila sentensi andikeni kwanza pembeni nani alitaka, nani angeweza kukataa, na nani aligharamia. Kiingereza kifuate baadaye. Sentensi ya kwanza mnaifahamu tayari: "Mjomba alinisomesha hadi kidato cha sita." Haya, anzeni nayo.